Kikombe Kimevunjika: Mazungumzo Magumu Mahali pa Kazi

 

Wenzangu maafisa utumishi, wasimamizi wa kazi na viongozi wa matawi ya wafanyakazi, nianze na kikombe. Ofisi yangu ya kwanza, hapa hapa mkoani Tanga, ilikuwa na binti aliyetuandalia chai ya saa nne. Asubuhi moja alisimama mlangoni, mkono mmoja kauficha ndani ya kanga, akasema: "Mama, kikombe kimevunjika." Nikamjibu, "Haya, fagia vigae visije vikamchoma mtu," nikarudi kwenye mafaili yangu. Usiku ile sentensi ikanirudia. Binti hakusema amevunja kikombe. Kikombe kilivunjika chenyewe, kama jani linavyodondoka mtini, na mimi kwa jibu langu nikaafiki kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Simlaumu binti yule. Alisema Kiswahili fasaha, tena chenye adabu. Lugha yetu imetupa kauli ya kutendeka, na tunaitumia tangu utotoni: maziwa yamemwagika, mlango umefunguka, sahani imepasuka. Kauli hiyo ina huruma ndani yake. Inampa aliyekosa nafasi ya kuvuta pumzi, na inampa anayesikia nafasi ya kuimeza hasira kabla haijafika mdomoni. Kwa kikombe cha chai, yatosha.

Lakini kwa miaka 31 niliyofanya kazi ya utumishi, serikalini na kwenye viwanda vya watu binafsi, nimeiona kauli hiyohiyo ikipanda ngazi hadi kwenye ripoti za mwezi. Mafuta yamepungua. Hesabu hazikukaa sawa. Mzigo umechelewa kutoka. Taarifa haikufika. Beringi imekufa. Unasoma kurasa kumi, humkuti mtu. Miezi inapita, makosa yanaendelea kutokea bila mwenyewe, hadi mkubwa mmoja anachoka na mtu mmoja anakabidhiwa barua. Hapo ndipo jina linaonekana kwa mara ya kwanza, kwa herufi kubwa, chini ya neno YAH.

Ninalotaka kulisema jioni hii ni hili: mazungumzo magumu kazini ni safari ya kutoka "kimevunjika" kwenda "nimevunja", na wa kwanza kupiga hatua ni mkubwa. Mdogo akianza yeye, kibarua chake huenda kikaota nyasi, na watoto wake wanamsubiri nyumbani. Tukikaa tukimngoja aseme kweli wakati sisi wenyewe tunasema mafumbo, tutangoja mpaka tustaafu.

Nitaeleza kwa kosa langu mwenyewe, maana ndilo ninalolijua vizuri.

Mahali fulani nilipofanya kazi tulikuwa na dereva wa lori aliyepeleka marobota ya singa za mkonge mjini. Mtu wa makamo, mpole, hana historia ya utovu wa nidhamu. Kila Jumatatu alipewa kibali cha dizeli. Nikaanza kuona kwamba kilomita na lita havioani. Mwezi wa kwanza nikasema labda ni barabara, mvua zilikuwa nyingi. Mwezi wa pili nikasema labda ni injini. Mwezi wa tatu nilijua kuna jambo, na sikumwambia. Sababu yenyewe naikumbuka kwa aibu na kwa upendo pia. Mama yangu alipofariki, dereva yule ndiye aliyeuchukua mwili usiku hadi Lushoto, kwenye zile kona, na hakupokea hata pesa ya maji ya kunywa. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Kwamba anaiba mafuta?

Kwa hiyo nikafanya kile tunachokifanya wengi wetu. Nilipomkuta kwenye korido nilisema kwa sauti ya kumfikia, "Jamani, dizeli siku hizi imekuwa ghali." Naye akajibu kwa heshima, "Ghali kweli, mama." Kwenye ripoti nikaandika: matumizi ya dizeli yamepanda. Miezi mitano. Mkuu wetu alipoziona hesabu hakumuuliza mtu. Aliniagiza niandike barua ya kutakiwa kujieleza, kisha kikao cha nidhamu.

Siku ya kikao dereva alikuja na shati lake la kwendea msikitini. Tulipomaliza kumsomea tuhuma, alifungua kifungo cha mfuko wa shati akatoa kijidaftari. Lilikuwa daftari la shule lililokatwa katikati kwa wembe ili litoshe mfukoni. Nyuma yake jedwali la kuzidisha lilibaki nusu. Ndani, kwa penseli, kulikuwa na tarehe na lita. Tarehe na lita, ukurasa baada ya ukurasa. Kila wiki msimamizi wake alimwagiza atoe dizeli kwenye tangi la lori aweke kwenye gari binafsi la msimamizi huyo. Aliandika yote. Kisha akanitazama mimi, hakumtazama mwenyekiti wa kikao, akasema: "Mama, nilikuwa nasubiri uniulize."

Alionywa kwa kutotoa taarifa, hakufukuzwa. Baada ya miezi miwili aliacha kazi mwenyewe. Alipokuja kukabidhi funguo nilijaribu kumwomba radhi, akanikatiza kwa salamu za nyumbani, akatoka. Nilistahili.

Nimeligeuza jambo lile mara nyingi. Kilichonizuia kuuliza hakikuwa heshima. Ningemheshimu kweli, ningemfuata mwezi wa kwanza nikamwambia: lita zako na kilomita zako haviendani, nieleze. Nililokuwa nalilinda ni raha yangu, nisione uso wake ukibadilika mbele yangu. Na sentensi yangu ya dizeli kuwa ghali ilikuwa mbaya kuliko ya yule binti, kwa kuwa yeye angalau alikuja mlangoni kusema kuna kikombe.

Lazima niseme pia kwamba si kila anayeulizwa ana kijidaftari mfukoni. Wapo waliokuwa wanaiba. Nilimwuliza mtunza stoo mmoja ana kwa ana, mapema, kwa adabu zote, naye akaniapia kwa majina ya watoto wake, na baada ya wiki tatu tukamkamata na mzigo. Tulimwachisha kazi kwa utaratibu. Kuuliza mapema hakukunipa jibu nililolitaka. Kulinipa usingizi.

Sisi watu wa Tanga tumerithi namna mbili za kusema na mtu kazini, na naona zote mbili zinatunyima mazungumzo. Ya kwanza imetoka kwenye mashamba ya mkonge. Waliokuja kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Mtu aliacha jina lake nyumbani. Kazi yake ilihesabiwa kwenye kipande, kadi ya siku 30, na asiyetimiza siku zake hakuimaliza kadi. Kati ya mwenye shamba na mkataji alisimama nyapara. Kazi ya nyapara haikuwa kuuliza kulikoni. Sauti yake ilikuwa na njia moja tu, kutoka juu kwenda chini. Mashamba yamebadilika, manamba hawapo tena, ila sauti ile imebaki. Nimemsikia kijana wa miaka 26, mwenye shahada, anayetumia kompyuta vizuri kuliko sisi sote, akifungua mdomo mbele ya vibarua na sauti ya nyapara ikatoka. Hakufundishwa chuoni. Aliikuta hewani.

Chama cha TANU kiliuona ugonjwa huo. Mwongozo wake wa Februari 1971, katika kifungu cha 15, ulikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakishika kifungu kile kwa kichwa. Mimi nilikuwa msichana wa shule, na nakumbuka watu wazima wakikitaja kwa namba tu, kumi na tano, na kila mtu akielewa. Katika miaka miwili iliyofuata migomo ikazuka katika viwanda, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakafika hatua ya kukishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Issa Shivji ameieleza migogoro hiyo katika kitabu chake Class Struggles in Tanzania cha mwaka 1976. Ninaposoma habari za wakati ule, linalonigusa ni kwamba mshahara haukuwa dai la pekee. Watu walisimamisha mashine kwa sababu ya meneja anayewatukana, anayewasukuma, anayewasemesha kama watoto wadogo. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba mfanyakazi wa Kitanzania anachotaka ni pesa tu. Historia ya viwanda vyetu inasema alitaka pia kusemeshwa kama mtu mzima, na alikuwa tayari kupoteza mshahara kwa ajili ya hilo.

Urithi wa pili ni wetu wenyewe wa pwani, nao ni mzuri, ndiyo maana ni mgumu kuusema. Pwani mtu hamwambii mwenzake kavukavu. Kuna fumbo, kuna methali, kuna kanga. Nimefanya kazi na karani ambaye siku akivaa kanga fulani ofisi nzima ilijua ana neno na nani. Na kwa mambo makubwa kuna mshenga. Mimi mwenyewe nimeposwa kwa mshenga na nimewaoza wanangu kwa mshenga, siwezi kuidharau kazi yake. Lakini mtazameni mshenga wa kweli anavyofanya. Ametumwa, na kila mtu anajua ametumwa na nani. Ujumbe anaubeba wote, haupunguzi. Na anarudi na jibu.

Mshenga wa ofisini hana hata moja kati ya hayo. Meneja anamwambia dereva wake, "Yule kijana wa hesabu siku hizi simwelewi." Dereva anamwambia mhudumu, mhudumu anamwambia mlinzi, na jioni kijana wa hesabu anasikia getini kwamba bosi anataka kumfukuza. Anaenda nalo nyumbani, halali. Asubuhi anaingia kwa bosi, bosi anamchekea, "Habari za nyumbani?" Tangu saa hiyo hata salamu haiamini. Huo tunauita umbeya na tunamlaumu mhudumu. Mwenye umbeya ni aliyekuwa na neno akashindwa kulipeleka mwenyewe.

Siku hizi mshenga huyo ni kundi la simu. Saa tatu usiku unatoka ujumbe kwa watu arobaini: kuna watu humu hawajitumi, na wanajijua. Nawaombeni sana, wasimamizi, msiandike sentensi hiyo tena. Anayejituma ndiye atakayekosa usingizi akijiuliza kama anasemwa yeye. Aliyekusudiwa atasoma, atasema kweli watu hao wapo, na atalala.

Serikali nayo ilijaribu kututoa kwenye ukimya. Wengine hapa mnazikumbuka fomu za siri. Mkubwa aliandika maoni yake juu yako, yakafungwa, yakaenda, na wewe hukuyaona. Ulikuja kujua ulichoandikwa pale ulipokosa kupandishwa cheo. Mwaka 2004 ukaja Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, tulioujua wote kwa jina la OPRAS. Neno "wazi" liliwekwa kwenye jina makusudi. Msimamizi na msimamiwa wakae, wakubaliane malengo, wakutane katikati ya mwaka, wakutane tena mwezi wa sita, wapeane alama kuanzia 1 kwa aliyefanya vizuri sana hadi 5 kwa aliyefanya vibaya sana. Nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Kisha nikaziona fomu zenyewe mwezi wa sita zikija kwa mafungu: zimejazwa siku moja, kwa kalamu moja, kila mtu 2, kila mtu 2, na mahali pa maoni pameandikwa "aendelee hivyo". Tulikuwa tumepewa fomu ya wazi tukaijaza kwa siri. Sasa watumishi wa umma wamehamia kwenye mfumo wa PEPMIS, kila kitu kwenye kompyuta, na naambiwa takwimu zinaonekana kwa haraka. Nautakia heri. Ila mfumo wowote unaomwonyesha mtu alama bila mtu wa kumtazama usoni na kumwambia kwa nini kapewa alama hiyo utaishia palepale tulipoishia na kalamu.

Sasa niwapeleke Ifakara, kwa kuwa huko kuna jambo ambalo nadhani sisi tusio madaktari tumelipita bila kuligusa. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane za nchi mbalimbali. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya St. Francis, Ifakara, pamoja na nyingine za London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi na Amman. Orodha ina vipengele 19. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Vipengele vingi ni vya kitabibu, kama dawa ya kuzuia maambukizi na kuhesabu sponji na sindano, na sitaki kuwapunja madaktari. Lakini kimo kimoja ambacho si dawa wala chombo. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake.

Fikirini nesi kijana katika chumba kile. Daktari bingwa yupo, mtaalamu wa usingizi yupo, wote wakubwa kwake kwa umri na kwa cheo. Anaona daktari anajiandaa kupasua upande usio sahihi. Asipokuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, neno lake la kwanza litakuwa la kumkosoa mkubwa. Nani kati yetu angeliweza? Lakini akiwa ameshasema, "Naitwa fulani, nesi wa leo," sauti yake imeshaingia chumbani na hakuna aliyeikataa. Neno la pili linapata njia. Hiyo ndiyo tafsiri yangu, mtu wa utumishi, na niliileta kiwandani. Kwenye mkutano wetu wa asubuhi, wa dakika kumi, kila mtu hadi utingo alitaja kazi yake ya siku hiyo na kitu kimoja anachohofia. Wiki mbili za kwanza walisema "sina". Wiki ya tatu utingo mmoja akasema kamba ya kufungia marobota imechakaa. Tukaenda kuiangalia, ilikuwa imebaki nyuzi.

Mnaniuliza, basi hayo mazungumzo yanasemwaje. Sina kanuni nyingi. Mwite mtu peke yake, umwambie anaitiwa nini. Ukimwambia "njoo ofisini nina shida na wewe" kisha ukamwacha akae nayo kuanzia asubuhi hadi saa kumi, unakuwa umeshamwadhibu kabla hujamsikia. Usimwite Ijumaa jioni. Atakwenda nayo nyumbani siku mbili na hana wa kumuuliza. Salimianeni, maana sisi hatuwezi kuanza jambo bila salamu, lakini usizirefushe. Nimewajua wakubwa wanaouliza mke, watoto, shamba, mvua za vuli, halafu ndipo wanapochomeka kisu. Wafanyakazi wao walifikia kuogopa kuulizwa habari za watoto. Toka nyuma ya meza. Kisha sema jambo lenyewe kwa sentensi fupi yenye tarehe na kitu, na anza na lako. "Hili niliona tangu mwezi wa pili sikukwambia, nimechelewa, na kosa hilo ni langu." Hiyo ndiyo "nimevunja" ya mkubwa. Ikishatoka, ya mdogo haiko mbali.

Halafu nyamaza. Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Ukishauliza, yule mwenzako atatazama chini, atakuna kiganja, atatazama dirisha. Tunashindwa kuvumilia, tunamjazia jibu: "Au ni uchovu, eh? Matatizo ya nyumbani, eh?" Naye anakubali lile tulilompa kwa sababu ni rahisi. Mwache. Neno zungumza sikio langu hulisikia jirani na zunguka, na mtu akiruhusiwa kuzunguka kwa miguu yake mwenyewe mara nyingi hufika.

Sheria yetu, msione kama ni karatasi tu, imelijua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka, pale ambapo utendaji ni hafifu, amwelekeze mfanyakazi, amwonye, ampe muda wa kujirekebisha. Na kwa kikao cha nidhamu zinasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, na mtuhumiwa aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Nimekaa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi upande wa mwajiri, nina faili nene, nina barua zote. Swali lililonitoa jasho halikuwa la barua. Niliulizwa: kabla ya barua ya kwanza, nani alikaa naye akamwambia? Lini? Nikapekua faili. Hakuna aliyekaa naye.

Saa 48 zile nazipenda kuliko kipengele kingine. Zinampa mtu siku mbili za kulala nalo, kumwambia mkewe, kukasirika, kupoa. Hakuna kinachotuzuia kuzitumia hata pasipo na kikao.

Kuna mahali ambapo sitaki mtu aniambie kwamba wakae wayazungumze. Mkubwa anayemtaka binti kimwili ndipo ampe kazi, mkataba au safari, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja wazi katika kifungu cha 25. Nimewahi kuombwa nimkalishe binti na mkubwa wa namna hiyo "wamalizane kiutu uzima". Nilikataa, na ningekataa tena. Pale hakuna kikombe kilichovunjika kwa bahati mbaya. Binti apelekwe TAKUKURU, apelekwe polisi, apewe ulinzi, na mtu asimtake arudie hadithi yake mbele ya yule aliyemtesa.

Nimalizie na jambo ambalo vijana wameniuliza mlangoni nilipokuwa naingia: nifanyeje, mama, ninayemsimamia ni sawa na baba yangu? Namwamkia shikamoo, kisha nitamwambiaje kazi yake mbaya?

Tulikuwa na fundi mchundo wa korona, ile mashine ya kusindika mkonge, mzee wa miaka 57, na mhandisi kijana aliyewekwa juu yake. Ndani ya mwezi mmoja mashine ilisimama mara tatu kwa beringi. Kijana aliandika: beringi zimeharibika, akaagiza nyingine. Iliposimama tena akamfokea mzee mbele ya vibarua. Tangu hapo mzee hakusema neno zaidi ya ndiyo bosi, hapana bosi. Kijana akaja kwangu anataka nimwandalie barua. Nilimwambia barua ipo, haiendi popote, kwanza mkae. Akasema basi safari hii hatamwamkia, ili mzee ajue ni mambo ya kazi. Nikamwambia ukiiondoa shikamoo umemwondolea kiti kabla hajakaa. Mwamkie kama mwanawe, useme naye kama mhandisi; yeye ni mtu mzima, ataweza kuyasikia yote mawili.

Walikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini nyuma ya karakana, na waliniomba niwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, wiki iliyopita nilikufokea mbele ya vijana. Nilikosa, naomba radhi. Tena beringi ya kwanza niliiona imekaa upande, nikaandika imeharibika, sikuja kukuuliza. Hilo nalo ni langu. Zote tatu umezifunga wewe, mzee, na zote zilikaa upande. Nataka kujua kulikoni."

Mzee hakujibu. Trekta lilipita na tela la mkonge, likapinda, sauti yake ikaisha kabisa. Kijana alifungua mdomo nikamtazama, akaufunga. Mzee alivua kofia akaiweka gotini, akaanza kuipapasa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Macho, mwanangu," akasema. "Tangu mwaka jana alama za karibu sizioni. Nimezifunga kwa kupapasa."

Alihofia tukijua tutamstaafisha mapema. Miwani ya kusomea ilipatikana mjini wiki ile ile. Lakini alasiri ile hapakuwa na miwani na mashine ilikuwa imesimama, kwa hiyo waliingia wote wawili chini ya korona na tochi, kijana akisoma vipimo kwa sauti, moja moja, na mikono ya mzee ikikaza.